Chenja ya Santuri: Kuinunua, Kuifungua na Kuirudisha Kazini

Chenja ni mashine ya kupigia santuri inayojibadilishia santuri yenyewe. Unapanga santuri kadhaa kwenye pini ndefu ya katikati, unasukuma swichi, basi. Moja inadondoka, mkono wenye sindano unakuja juu yake, wimbo unapigwa, mkono unarudi pembeni, ya pili inadondoka juu ya ya kwanza, hivyo hivyo mpaka rundo liishe na mashine ijizime. Ndani yake hamna kompyuta wala kifaa chochote cha umeme kinachoamua jambo. Umeme unazungusha mota tu. Mengine yote yanafanywa na vyuma vinavyosukumana. Mimi ni fundi cherehani hapa Tanga, nashona na pia natengeneza cherehani za wenzangu, na nimezoea kuona gurudumu moja likizunguka na vitu vitano vikitendeka kwa zamu yake. Nilipoifungua chenja kwa mara ya kwanza nilijiona niko nyumbani.

Niliyonayo imo ndani ya radiogramu ya Kiingereza, kabati la mbao lenye redio upande mmoja na chenja chini ya mfuniko upande wa pili. Jina lililoandikwa kwenye kabati ni la kampuni moja, lakini chenja yenyewe ni BSR Monarch UA8. Hili ni la kulijua kabla hujaanza kuulizia vipuri. Watengenezaji wengi wa radiogramu miaka ya 1950 na 1960 hawakuunda chenja wenyewe. Walinunua kwa BSR ya karibu na Birmingham, au Garrard ya Swindon, au Collaro, wakaziweka kwenye makabati yao. Kwa hiyo mtu akikuambia ana radiogramu ya kampuni fulani, bado hajakuambia kitu kuhusu chenja. Fungua mfuniko, soma kilichoandikwa kwenye bamba la chenja, yaani chuma bapa kinachobeba mitambo yake yote, na kwenye mkono wake. Vipuri utavitafuta kwa jina hilo.

Kabla ya kuipata hii niliipita moja nzuri sana kwa macho. Kabati lake lilikuwa linang'aa, vitasa vyote vipo, mwenyewe ameipiga polishi na anataka hela nyingi. Lakini pini ya katikati haikuwepo. Nikamshukuru nikaondoka. Pini ya chenja si kipande cha nondo tu. Ina ngazi iliyochongwa pembeni, rundo la santuri linakaa juu ya ngazi hiyo, na ndani yake kuna kiulimi kinachosukuma santuri ya chini kabisa, hiyo moja tu, hadi iponyoke kwenye ngazi na kudondoka. Zile za juu yake zinabaki. Unene wa santuri ni milimita mbili hivi, na kiulimi kinatakiwa kisukume unene huo bila kugusa unaofuata. Kitu kama hicho hukipati dukani, na fundi wa kukereza atakuchongea kwa tabu sana bila kuwa na ya kuigizia.

Basi kanuni yangu ya kununua ni hii: kagua kile ambacho huwezi kukitengeneza wala kukipata, halafu usijali uchafu. Pini iwepo. Mkono wa juu unaoshikilia rundo lisiyumbe uwepo, na ukiuinua na kuushusha uende. Mkono wa sindano usiwe umevunjika shingoni. Vitasa vya kuchagulia mwendo viwepo. Sahani, ile ya duara inayobeba na kuzungusha santuri, uizungushe kwa kidole uone kama imepinda. Ukiona springi chini ya bamba zimening'inia hovyo, kuna mtu ameshapita humo na bisibisi, na utahitaji subira zaidi. Kabati lililopauka, kitambaa cha spika kilichochanika, vumbi, utando wa buibui, hivyo vyote vishushe bei tu. Na usikubali mtu aichomeke kwenye umeme ili "akuonyeshe kama inawaka". Chombo kilichokaa miaka thelathini bila umeme kinaweza kuungua mbele ya macho yenu, na sababu zake nitazieleza.

Hii yangu ilikuwa kwa bibi mmoja Ngamiani. Imewekewa kitambaa cha kufuma na vyombo vya maua juu yake, hata wajukuu hawakujua kuwa inafunguka.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye uliyesikia habari za redio ya mzee?"

Nikamwambia ndiye. Akaniangalia sana. Mtu mwingine alikuwa ameshakuja kabla yangu, akataka kununua kabati tu, ang'oe vya ndani apate pa kuweka televisheni. Bibi alimkatalia.

"Ukitaka mbao nenda kwa maseremala," akasema. "Hii ni ya kupiga muziki."

Alinipa kwa laki mbili na nusu, pamoja na kasha la santuri. Namheshimu sana kwa kumkatalia yule wa kwanza. Radiogramu nyingi za mji huu zimeishia hivyo, matumbo yamekwenda kwa wauza chuma chakavu na kabati limebaki la kuwekea glasi. Ukifika nyumba ukakuta mwenyewe ana mpango huo, mwombe walau akuuzie chenja.

Kusafirisha ni sehemu watu wanaipuuza. Bamba la chenja halikazwi kwenye kabati. Linaelea juu ya springi ili hatua za watu sakafuni zisiirushe sindano. Ukilibeba likiwa linaelea litapiga pande zote na kupinda vitu vya chini. Lakini waundaji waliweka skrubu za safari, mara nyingi mbili, kwenye pembe za bamba. Ukizizungusha bamba linashuka na kukaza. Nilizikaza, nikatoa sahani nikaifunga kwenye blanketi, nikatoa pini, nikaufunga mkono wa sindano kwa kamba ya pamba kwenye kishikio chake. Ndipo nikaita guta. Ukifika nyumbani uzilegeze tena, la sivyo bamba halitaelea na mvumo wa mota utaingia kwenye muziki.

Sasa kazi yenyewe.

Jambo la kwanza nililofanya ni kutofanya kitu. Niliunda fremu ya mbao ya kuikalisha chenja hewani ili nione juu na chini kwa pamoja, kisha nikaizungusha sahani kwa mkono, polepole, huku nikisukuma kitasa cha kuanzia, nikaangalia. Hapo ndipo unapoielewa. Chini kuna gia moja kubwa kuliko nyingine zote. Pembeni ina meno, lakini mahali pamoja meno hayapo, kuna pengo. Santuri inapopigwa, pengo hilo limeelekea kwenye kigia kidogo cha kitovu cha sahani, kwa hiyo sahani inazunguka na gia kubwa imetulia, hazigusani. Wimbo ukiisha kitu fulani kinaisukuma gia kubwa kidogo tu, meno yanakutana na meno, na sasa gia inalazimika kuzunguka. Inazunguka mara moja. Katika mzunguko huo mmoja mkono unainuliwa, unapelekwa nje, santuri inasukumwa, inadondoka, mkono unarudishwa, unashushwa. Pengo likifika tena kwenye kigia, kila kitu kinatulia. Usoni mwa gia kuna njia iliyochongwa kwa kupindapinda, na pini za mikono zinapita humo. Kila kona ya njia hiyo ni amri.

Hicho kitu kinachoisukuma gia ndicho ninachokipenda kuliko vyote. Mashine inajuaje kuwa wimbo umeisha? Nyimbo hazilingani urefu, na santuri ya inchi 7 na ya inchi 12 hazimaliziki mahali pamoja. Jibu lipo kwenye mwendo wa mkono. Wakati wa wimbo mistari ya santuri imebanana, mkono unasogea ndani kidogo mno kila sahani inapozunguka. Mwishoni mistari inaachana, mkono unakimbilia katikati. Chini ya mkono kuna kijiulimi chembamba cha chuma ambacho mkono unakisogeza mbele kuelekea kitovu cha sahani. Kitovu kina jino. Kila mzunguko jino linapita na kukirudisha kijiulimi nyuma kidogo, nacho kinakubali kurudi kwa sababu kimeshikwa kwa msuguano mwepesi tu. Mkono ukisogea polepole, jino linashinda kila mara. Mkono ukikimbia, kijiulimi kinakuwa kimefika mbali mno, jino linakidaka badala ya kukirudisha, na gia inaanza. Mtu aliyebuni hivyo alikaa akafikiri.

Na hapo hapo ndipo ugonjwa mkubwa wa chenja nzee ulipo. Grisi iliyopakwa kiwandani zaidi ya miaka 60 iliyopita haikubaki grisi. Kwa joto na chumvi ya pwani imekuwa kahawia, ngumu, unaikwangua kwa kijiti. Ikiingia kwenye kile kijiulimi, mambo mawili hutokea. Ama kinakwama mbele na chenja inakata wimbo katikati na kwenda santuri inayofuata, ama hakisogei kabisa na sindano inakaa mwisho wa santuri ikikwaruza usiku kucha. Mtu asiyejua anaona mashine imeharibika, anachukua koleo anakunja chuma hiki au kile mpaka ifanye kazi kidogo. Usikunje. Narudia kwa sababu nimeona chenja mbili tatu za watu zilizokunjwa: usikunje kitu chochote mpaka umeshasafisha kila kitu. Chuma hakibadiliki umbo kwa kukaa ndani ya kabati. Kilichobadilika ni grisi. Ukikikunja ili kishinde grisi, siku utakaposafisha kitakuwa kimepitiliza, na vipimo vya kiwandani umeshavipoteza.

Nilifungua kipande kimoja kimoja, kila kimoja nikikipiga picha kwa simu kabla ya kukigusa, na vipande vya mahali pamoja nikiviweka kwenye kifuniko kimoja cha kopo pamoja na klipu na washa zake. Grisi nililainisha kwa mafuta ya taa na mswaki, kisha nikaosha tena kwa spiriti, kwa kuwa mafuta ya taa huacha utando. Gololi za chini ya sahani nazo zikaoshwa. Wakati wa kurudisha, grisi nyepesi kidogo kwenye njia iliyochongwa ya gia, na kwenye meno kiasi cha kung'aa tu. Tone la mafuta ya cherehani kwenye beringi za mota, juu na chini, unasubiri liingie, unaongeza tone jingine. Kijiulimi kinabaki kikavu. Kisafishe kwa spiriti mpaka kicheze chenyewe ukikipulizia, halafu usikitie chochote. Najua mkono wa fundi unawasha kuona chuma kinacheza bila mafuta, lakini pale mafuta ndiyo adui. Zile dawa za kupuliza za kopo nazo zisikaribie chenja kabisa, maana zinasambaa hadi kwenye raba.

Raba nayo ina habari yake. Mota haizungushi sahani moja kwa moja. Shafti yake ina ngazi nne, kila ngazi na unene wake, kwa ajili ya mwendo wa mizunguko 16, 33, 45 na 78 kwa dakika. Kati ya shafti na ukingo wa ndani wa sahani kuna gurudumu dogo lenye raba. Ukigeuza kitasa, gurudumu linapanda au kushuka ngazi. Raba ikikauka inang'aa na kuteleza. Santuri ya kwanza inapigwa vizuri, ya tano mwimbaji anaanza kuzama kwa sababu uzito umeongezeka na raba haishiki. Ikiwa imeng'aa tu, iguse kwa msasa laini sana huku inazunguka, ifute kwa spiriti. Yangu ilikuwa na bonde, kwa sababu chenja iliachwa na gurudumu limebana kwenye shafti miaka yote hiyo. Kila mzunguko unasikia du, du, du. Hilo halitoki kwa msasa. Nilikwenda kwa fundi wa kukereza, akanitolea raba ya zamani, akachonga mfereji kwenye kitovu cha gurudumu, nikavalisha raba ya duara ya zile za kuzuia maji kwenye pampu, kisha akaikereza mpaka ikawa duara kamili. Hapo kosa la nusu milimita linasikika. Tangu hapo nikimaliza kupiga muziki naweka kitasa kwenye kuzima, gurudumu liachie.

Vitu vinavyoishikilia mota pia ni raba, vikifa mvumo unapanda hadi kwenye sindano. Nilivibadilisha kwa raba za kupitishia waya kutoka duka la vipuri vya magari.

Upande wa umeme sikuugusa peke yangu. Nina rafiki fundi redio wa siku nyingi, aliyewahi kutengeneza vyombo vya valvu, zile chupa za kioo zilizotumika kabla ya transista, vilipokuwa bado vinatumika, naye ndiye aliyeshika. Ninayoyaandika hapa ni ya kukufanya uwe mwangalifu, yasikufanye fundi. Ndani ya radiogramu ya valvu kuna umeme wa volti 250 na zaidi, na kapasita zinaweza kuushikilia hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Kapasita za karatasi na nta za wakati ule nyingi zimeanza kuvuja. Ile iliyo kati ya valvu ya kwanza na valvu ya kutoa sauti ndiyo mbaya zaidi: ikivuja, umeme mkubwa unavuka hadi kwenye gridi, yaani sehemu ya ndani inayoiongoza valvu ya kutoa sauti, valvu inapitisha mkondo kupita kiasi, inawaka nyekundu, na mwisho inaiunguza transfoma. Ndiyo sababu ya kutoiwasha dukani. Rafiki yangu alibadilisha ile na nyingine za karatasi kabla ya umeme kuingia. Kisha aliiwasha kupitia balbu ya nyuzi ya wati 60 iliyounganishwa mfululizo na waya wa umeme. Balbu ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, kuna shoti ndani, unazima. Ikiwaka kisha ikafifia, mambo si mabaya. Balbu za LED hazifai kwa kazi hiyo. Nyuma ya transfoma kuna plagi ndogo ya kuchagua volti, akaihamishia 240.

Tahadhari nyingine ni kwa wenye zile mashine ndogo za santuri za sanduku la kubeba. Baadhi yake hazina transfoma, na bamba la chuma la ndani limeungwa moja kwa moja na waya mmoja wa ukutani. Ukikigusa chuma hicho, umegusa umeme. Uliza kwanza, na watoto wasikaribie.

Baada ya hayo yote redio ikaongea, sahani ikazunguka, mkono ukatua, na santuri haikutoa sauti. Tulilitarajia. Kwenye kichwa cha mkono kuna kifaa kidogo kinachogeuza mtetemo wa sindano kuwa umeme, na katika mashine hizi kilikuwa cha kioo cha chumvi ya Rochelle. Ni chumvi kweli, inayeyuka kwenye maji, na joto la nyuzi 55 linaiharibu. Mashine iliyokaa pwani, kwenye chumba chenye paa la bati, kioo chake hesabu kimekufa. Usimlipe mtu ziada kwa sababu amekuambia sindano ni mpya. Niliagiza Uingereza kifaa cha kauri kinachoingia mahali pale pale. Kauri haiogopi unyevu, ila umeme wake ni mdogo kidogo, kitasa cha sauti unakizungusha zaidi. Uzito wa sindano niliupima kwenye mzani wa sonara nikaurekebisha kwa springi ya mkono mpaka gramu 8. Kwa mashine za kisasa huo ni uzito mkubwa. Kwa chenja ndiyo hali yake, kwa kuwa mkono una kazi ya kusukuma kijiulimi.

Kichwa hicho kina sindano mbili, unageuza kwa kidole. Ya santuri za 78 ina ncha nene mara tatu ya ile ya 45 na 33. Kuweka nene kwenye santuri ya 45 ni kuikwangua. Kuweka nyembamba kwenye 78 ni kusikia takataka za chini ya mfereji badala ya muziki.

Kwa ndugu walioko nje wanaotaka kuwaletea wazee zawadi, nina neno. Mwendo wa mota hizi unafuata mizunguko ya umeme, si volti. Umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, kama wa Uingereza, na kama wa Oman na Dubai. Wa Marekani ni 60. Hata ukinunua transfoma ya kushushia volti, chenja ya Marekani ikifika hapa itazunguka pungufu kwa sehemu moja ya sita: 78 inakuwa 65, 45 inakuwa 37 na nusu. Sauti ya kike inakuwa ya kiume. Saudia nako ni 60. Kwa chenja za RCA, kampuni ya Marekani, za mwaka 1949 na kuendelea, zile ndogo za santuri za 45 peke yake, tatizo ni hilo hilo, ingawa ni mashine za kupendeza mno na ndizo zilizosababisha santuri za 45 ziwe na tundu kubwa: RCA waliweka vyuma vya kudondoshea ndani ya pini nene. Dawa ni kukereza shafti mpya ya mota, nene zaidi kwa sehemu moja ya tano. Inawezekana, lakini ni gharama, na ni heri kuanza na ya Kiingereza.

Kupima mwendo ni rahisi. Unachapisha karatasi ya duara yenye mistari, 180 kwa mwendo wa 33, 133 kwa 45, 77 kwa 78, unaiweka juu ya sahani chini ya balbu ya nyuzi au taa ya mirija ya zamani. Mistari ikionekana imesimama, mwendo ni sahihi. Yangu kwa 45 inasogea mbele polepole mno, na masikio hayaoni kitu.

Kasha la bibi lilikuwa na mali. Bendi za hapa hapa Tanga, Atomic na Jamhuri, taarabu ya Black Star na Lucky Star, na chini kabisa 78 za Kongo zenye lebo za Ngoma na Loningisa. Zile za 78 sizipangi kwenye chenja, ingawa mashine inaziruhusu. Zimetengenezwa kwa shelaki, ni nzito, zinapasuka, na zikidondokeana zinatoka vipande ukingoni. Nazipiga moja moja. Wala spiriti isizifikie, kwa sababu shelaki inayeyuka kwenye spiriti. Maji kidogo na sabuni laini vinatosha, lebo isilowe. Za 45 nazipanga, tano au sita. Kiwanda kilisema kumi, lakini kumi ni rundo zito na santuri za juu zinateleza juu ya za chini. Zile zenye tundu kubwa navalisha vipete vya plastiki, vikae imara, maana kikilegea santuri inashuka upande.

Kuna jambo moja nililoliona baada ya chenja kuanza kufanya kazi, na sijawahi kulisoma mahali. Santuri nyingi za 45 za Afrika Mashariki, zikiwemo za bendi za Tanzania zilizochapwa Nairobi, wimbo mmoja umegawanywa pande mbili. Upande wa kwanza ni mashairi, taratibu. Upande wa pili ni pale magitaa yanapochanganya na watu wanainuka kucheza. Chenja inapiga upande wa juu tu. Ukipanga sita, unapata mianzo sita ya nyimbo sita, zote zinakatwa pale utamu unapoanza, halafu ugeuze rundo zima upate miisho sita. Nilimpelekea bibi habari hii nikidhani ni kero. Akaniambia wao walikuwa na taratibu yao. Wageni wakiwa wanakula, rundo linawekwa upande wa kwanza juu, watu wanasikiliza maneno na kuongea. Vyombo vya chakula vikishaondolewa, mzee anageuza rundo lote, na hapo ni dansi mfululizo, dakika ishirini bila mtu kwenda kwenye mashine. Nimejaribu hivyo nyumbani kwangu na wageni wa rika zote, na inafaa hasa. Ukiwa na bendi moja yenye santuri tano za aina hiyo, jaribu kuzipanga kwa mpangilio wa magitaa, za polepole chini na za kasi juu, kwa sababu ya chini ndiyo inayodondoka kwanza.

Sasa kuna mzee mmoja wa Pangani amesikia, ana Garrard kwenye kabati la mvule, nzima isipokuwa pini. Nimemwambia kwamba bila pini mimi siinunui, kama nilivyoiacha ile ya kabati linalong'aa, lakini yeye hauzi, anataka isikike tu. Tunatafuta pini yake Uingereza, kwa jina la chenja. Wakati tunasubiri nimeshaifungua na kuitoa grisi yote, na kijiulimi chake tayari kinacheza kwa pumzi. Mwenye Garrard iliyokufa kabati au mota, na pini yake ipo, asiitupe.